Chai ya Mchana na Chakula Kilichomo Sahanini

Ifikapo saa saba ya mchana, moshi wa vibanda vya chakula huonekana ukipanda kando ya barabara kuu itokayo Jinja kuelekea Tororo, hasa pale Busitema, penye msitu wa hifadhi na Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007. Madereva wa malori waliokwisha kupimisha mizigo yao mizanini, wanafunzi, askari wa usalama barabarani na wanajeshi walio safarini, wote hukalia mabenchi yale yale. Chakula chenyewe hakina mageuzi mengi: posho kwa maharage, wali kwa mchuzi wa nyama, sato wa kukaanga, viazi vitamu, muhogo, na mboga za majani. Mwenye kibanda huweka sahani mezani, kisha huuliza swali ambalo halipewi uzito unaolistahili: "Afande, nikutilie ya rangi ama ya maziwa?"

Aghalabu jibu hutolewa kwa mazoea. Aliyezoea ya rangi, ile ambayo ng'ambo ya mpaka wengi huiita strungi, huinywa kila siku, chakula kiwe kuku au kiwe kunde. Aliyezoea ya maziwa naye hafikiri mara mbili. Hali kadhalika nyumbani, mama huteremsha birika jikoni wakati ule ule anapopakua chakula, kwa kuwa jiko bado lina moto na makaa yana bei. Lakini chai si maji yaliyotiwa rangi tu. Ina ladha iwezayo kukipendezesha chakula au kukiharibu, na ndani yake mna kitu kiwezacho kuuzuia mwili usipate faida ya chakula ambacho fedha imekwisha kutolewa. Kwa jamaa waishio kwa mshahara wa askari wa cheo cha chini, ambao nyama huiona siku chache tu katika mwezi, hasara hiyo si ndogo.

Wakazi wa mpaka huu wanayo sababu ya kuijua chai kuliko watu wengi. Majani yanayochumwa Fort Portal, Bushenyi na Mityana husafirishwa kuelekea Mombasa kwa njia hii ya Tororo na Busia. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na huko ndiko chai ya Uganda inakouzwa pamoja na ya Kenya. Kutoka upande wa pili huja pakiti za majani ya Kericho na Nandi, ambazo katika mji wa Busia hupatikana madukani kwa urahisi, na kituo cha mpaka cha pamoja kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 kimepunguza msongamano wa malori. Wazee wa Busia na Malaba watakumbuka siku ambazo mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1972 Uganda ilitoa zaidi ya tani 20,000 za chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikufikia hata sehemu moja kwa kumi ya kiasi hicho, na sukari iliyotiwa kikombeni mara nyingi ilikuwa imevuka mpaka kwa magendo. Huenda ndiyo sababu kizazi kile hakikutaka kuulizwa kama chai yafaa au haifai. Chai ilipopatikana, ilinywewa.

Chai ya nchi zetu, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa kwa mitambo inayoyaponda majani, kuyachana na kuyaviringisha yakawa chembe ndogo. Chembe hizo hutoa rangi upesi na ladha kali, na zile zilizo laini kama vumbi hutoa upesi zaidi. Ndiyo maana kijiko kimoja hutosha sufuria nzima ya maziwa, na ndiyo maana pia chai yetu, ikilinganishwa na ile ya majani mazima, inahitaji kuangaliwa zaidi iwekwapo kando ya chakula.

Damu ndiyo yenye kudaiwa

Ukali ule unaokausha ulimi mtu anywapo chai iliyochemka sana hutokana na vitu ambavyo wataalamu huvikusanya chini ya jina la tanini. Tanini ikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde, wimbi, mchicha au sukuma wiki, hushikamana nayo, na madini hayo hupita mwilini bila kuchukuliwa na damu. Mwaka 1975 madaktari nchini Afrika Kusini walitangaza uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wa jamii ya Kihindi waliolishwa mkate, na wakati mwingine wali kwa mchuzi wa viazi na vitunguu. Walipokunywa chai pamoja na chakula hicho, chuma kilichoingia katika damu kilipungua sana. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1983, ulionyesha kwamba kikombe cha chai kikinywewa pamoja na mlo hupunguza chuma kinachofyonzwa kwa asilimia 64, na kikombe cha kahawa kwa asilimia 39. Wale wanaojivunia kahawa ya mlima Elgon wasifurahi mapema. Nafuu ipo, lakini kahawa nayo imo katika mashitaka.

Kuna wanaodhani kwamba maziwa huiondoa dosari hii. Sivyo. Uchunguzi umeonyesha kuwa kutia maziwa katika chai hakubadili jambo kwa kiasi cha kutajika. Wala haitoshi kuyakimbia majani ya chai na kuyakimbilia majani mengine yoyote, kwani nanaa, ambayo wengi huihesabu kuwa haina lawama, ilipopimwa ilionekana kuzuia chuma karibu sawa na chai yenyewe.

Chuma kilichomo katika nyama na samaki ni cha namna mbili, na sehemu yake moja huingia mwilini kwa njia ya pekee ambayo tanini haiigusi sana. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya, aliyekula nyama ya ng'ombe au samaki, akinywa kikombe cha chai hatadhurika. Ubaya uko pale ambapo chuma chote cha siku kinatoka katika mimea, na anayekula ni yule ambaye mwili wake unakihitaji kuliko wengine.

Nao ni wengi. Uchunguzi wa afya uliofanywa Uganda nzima mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 53 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 32 kati ya kila 100. Katika sehemu za Tororo na Busia kuna sababu za ziada. Malaria huziharibu chembe za damu, na Tororo imejulikana kwa watafiti miaka mingi kuwa miongoni mwa mahali palipo na malaria kali kabisa. Upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulioanza huko mwishoni mwa mwaka 2014 uliipunguza kwa kiasi kikubwa, ingawa haikukoma. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu ya mtoto atembeaye bila viatu. Chai peke yake haileti upungufu huu. Lakini mtoto ambaye malaria imekwisha kumpunguzia damu, akalishwa maharage ili airudishe, kisha akapewa kikombe cha chai ya rangi kuteremshia maharage hayo, amepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili.

Kwa watoto wachanga jambo hili ni zito zaidi. Madaktari wa Israel, katika uchunguzi wao wa mwaka 1985, waliwakuta watoto wachanga waliozoeshwa chai wakiwa na upungufu wa damu kiasi cha theluthi moja yao, ilhali miongoni mwa wasiopewa chai walikuwa wachache sana. Desturi ya kumtilia mtoto chai katika chupa ili anyamaze haifai kabisa, hata ikiwa ni nyepesi na ya maziwa.

Mama mjamzito anastahili kutajwa peke yake. Kliniki humpa vidonge vya madini ya chuma, naye, kwa kuwa vidonge hivyo humletea kichefuchefu, huvimeza kwa chai ya moto akitumaini kwamba itautuliza moyo. Kidonge kilichomezwa kwa chai kimepotea kwa sehemu kubwa. Kimezwe kwa maji, au kwa maji ya chungwa, na kikimsumbua akimeze baada ya chakula cha jioni karibu na wakati wa kulala. Waume walio kazini mbali na nyumbani wanaweza kulisisitiza jambo hili katika simu zao. Halina gharama yoyote.

Je, askari mwenyewe? Mwanamume mzima aliye na afya hana haja ya kuogopa kikombe chake. Ila wako askari wanawake, ambao hupoteza damu kila mwezi kama wanawake wengine, na wako wale wanaojitolea damu. Kila mwaka, Tarehe Sita Februari, jeshi la Uganda huikumbuka siku ya kushambuliwa kwa kambi ya Kabamba mwaka 1981, na kutoa damu ni miongoni mwa kazi ambazo wanajeshi huwafanyia wananchi katika siku hizo. Chupa moja ya damu, ambayo ni mililita 450 hivi, huondoka na miligramu zaidi ya 200 za chuma. Mwili huzirudisha polepole, kwa majuma mengi. Aliyetoa damu, kwa muda wa miezi miwili au mitatu hivi, afadhali aiweke chai yake mbali na sahani.

Kila chakula na chai yake

Baada ya kusema hayo, si haki kuiondoa chai katika chakula cha mchana kana kwamba ni sumu. Kuna vyakula ambavyo chai huvifaa, na vingine ambavyo bila chai haviliki kwa raha. Linalotakiwa ni kutazama sahani kwanza, kisha kumtazama mwenye sahani.

Chukua muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, au chapati mbili. Hiki ndicho chakula cha mchana cha watu wengi siku ambazo mfuko ni mwepesi, na hapa chai ya maziwa ndiyo mahali pake hasa. Muhogo una chuma kidogo sana, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kupotea, na maziwa huleta nguvu ya kujenga mwili ambayo muhogo hauna. Katika hoteli za Uganda chai ya namna hii, ambayo sehemu yake kubwa ni maziwa yaliyochemshwa pamoja na majani, huandikwa kwenye orodha kuwa chai ya Kiafrika, ili kuitofautisha na ile inayoletwa ikiwa maji katika birika moja na maziwa katika jingine. Kwa mlo wa muhogo, maziwa yaongezwe na sukari ipunguzwe. Mara nyingi hufanywa kinyume, na matokeo yake ni tumbo lililojaa sukari na wanga, na njaa ya saa kumi. Mama aliyewapa watoto wake chai ya maziwa na viazi mchana afanye hesabu ya siku nzima: maharage na mboga ziende kwenye chakula cha jioni, na jioni hiyo chai isiwepo mezani.

Samaki ni habari nyingine. Sato au sangara aliyekaangwa kwa mafuta mengi, aliyeletwa kutoka Majanji au Sio Port, huacha mafuta mdomoni. Chai ya rangi iliyo nyepesi, yenye kipande cha ndimu na sukari kidogo au bila sukari, huyaosha mafuta hayo na kuuacha ulimi tayari kwa tonge la pili. Chai ya maziwa pamoja na samaki haipendezi. Huongeza uzito juu ya uzito, na harufu zake mbili hazipatani. Dagaa, ambao Waganda huwaita mukene na Wajaluo omena, wana ladha kali na uchungu kidogo, na kwao ndimu ni lazima, iwe katika mchuzi au katika kikombe. Lakini dagaa ndicho chakula bora kabisa cha mtoto, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, na mtoto akila dagaa anywe maji.

Nyama ya ng'ombe yenye mafuta, au ya mbuzi iliyochomwa, hupenda tangawizi. Chai ya rangi iliyochemshwa na tangawizi iliyopondwa huamsha tumbo lililolemewa. Wali wa pilau, ambao hupikwa katika mikahawa ya Waislamu pande zote mbili za mpaka, tayari una iliki, mdalasini na karafuu ndani yake. Kwa hiyo chai yake isitiwe viungo vyote hivyo tena. Iliki peke yake yatosha, vinginevyo kinywa hakitatambua kipi ni chakula na kipi ni kinywaji. Askari wa Uganda waliotumikia Somalia tangu mwaka 2007 waliikuta huko chai yenye iliki, mdalasini na sukari nyingi sana, na waliona pia wali ukiliwa pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hiyo ilikuwa fundisho jema kuliko sukari ile.

Sasa ile sahani iliyo ngumu kuliko zote, posho kwa maharage na mboga za majani, au kwon ya wimbi na muhogo kwa mchuzi wa kunde, kama ilivyo desturi kwa Wajopadhola na, kwa jina jingine, kwa Wateso. Hapa chuma chote ni cha mimea. Wimbi lenyewe, pamoja na sifa zake nzuri, lina tanini yake na halihitaji kuongezewa. Kwa sahani hii chai kali haifai, na kwa mtoto na mama mjamzito haifai hata iliyo nyepesi. Kinachofaa ni kitu chenye uchachu wa matunda, maana vitamini C iliyomo katika machungwa, mapera, maembe, pasheni, na hata katika kachumbari ya nyanya na kabichi, hufanya kazi iliyo kinyume na ya tanini: huifungua njia ya chuma kuingia katika damu. Machungwa ya Teso huuzwa barabarani kwa mafungu, na katika msimu wake fungu moja halizidi sana bei ya sukari inayotiwa katika chai ya jamaa nzima kwa siku. Mapera huoza chini ya miti mingi bila kuokotwa, jambo la kushangaza, kwa kuwa pera lina vitamini hiyo kuliko chungwa.

Wapo wasioweza kula bila kitu cha moto mkononi. Hao watengenezewe maji ya mchaichai yenye ndimu. Mchaichai humea bila taabu nyuma ya nyumba yoyote, hata katika kota za polisi ambako nafasi ni hatua chache tu, na shina moja huzaa kichaka katika mwaka mmoja. Ladha yake haipigani na maharage. Kwa kweli huyaondolea ule uzito wake. Rangi yake ni hafifu, na mzee wa nyumba huenda akaitazama kwa dharau.

"Mama watoto, hii nayo ni chai?"

"Chai yenyewe saa kumi, baba watoto. Hii ni ya kuteremshia kunde."

Saa ya kunywa

Mazungumzo kama hayo humpeleka mtu kwenye jambo la saa, ambalo kwa wapishi wa mabwalo ya jeshi na polisi ni muhimu kuliko kuchagua majani. Uchunguzi wa mwaka 1983 uliotajwa juu uligundua kwamba kahawa ikinywewa saa moja kabla ya chakula haizuii chuma hata kidogo, lakini ikinywewa saa moja baada ya chakula huzuia vilevile kana kwamba imenywewa pamoja nacho. Kuhusu chai, uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2017, kwa wanawake kumi na wawili walioishi kwa afya njema, ulionyesha kwamba kungoja saa moja baada ya kula hupunguza madhara yake kwa kiasi cha nusu. Yaani nusu nyingine hubaki.

Kwa hiyo ile chai ya saa nne ya asubuhi, iliyorithiwa tangu zamani katika maofisi, mashule na makambi, ina manufaa ambayo waliyoianzisha hawakuyajua. Toka saa nne hadi saa saba ni muda wa kutosha kabisa. Mpishi wa bwalo, awe katika kambi kubwa kama ile ya Rubongi karibu na mji wa Tororo au katika kituo kidogo cha askari kumi, anaweza kuitoa chai yake yote kali saa nne, pamoja na viazi au mandazi, na kuyaacha meza ya mchana kwa maji na tunda. Chai ya pili itolewe saa tisa au saa kumi, wakati ambapo chakula cha mchana kimekwisha kushuka. Kiasi cha majani kinachotumika katika siku hakiongezeki hata kijiko kimoja. Kinachobadilika ni saa tu, na labda manung'uniko ya juma la kwanza.

Pale ambapo zamu haziruhusu, na mtu hana budi kula na kunywa kwa mara moja kabla ya kurudi lindoni, chai na iwe nyepesi. Majani yasichemshwe kwa nusu saa kama yafanywavyo katika vibanda vingi, ambako sufuria hukaa motoni tangu asubuhi na kuongezewa maji tu. Kadiri majani yanavyochemka ndivyo tanini inavyotoka, na ndivyo sukari inavyohitajika kuuficha ukali. Maji yachemke kwanza barabara, sufuria iteremshwe, majani yatiwe, yafunikwe kwa dakika tatu au nne, kisha yachujwe. Chai iliyotengenezwa hivi huwa na harufu ambayo wengi hawajapata kuisikia katika maisha yao, kwa kuwa siku zote harufu hiyo huishia hewani pamoja na mvuke.

Chai ya tangawizi ya maziwa kwa watu wanne

Maji vikombe 2, maziwa vikombe 2, majani ya chai vijiko vidogo 2, kipande cha tangawizi mbichi chenye urefu wa kidole gumba, sukari kwa kadiri.

Tangawizi iliyopondwa ichemshwe katika maji peke yake kwa muda wa dakika tano au zaidi kabla ya maziwa kutiwa. Wengi hutia vyote kwa pamoja, kisha hushangaa maziwa yakikatika, wakamlaumu muuza maziwa. Tangawizi mbichi ina kitu chenye kuyagandisha maziwa, na kuchemka kwa kwanza ndiko kunakokiua. Baada ya hapo maziwa yatiwe, yachemke tena, majani yatiwe mwishoni na kuchujwa baada ya dakika tatu. Hii ni ya kunywewa kwa muhogo, kwa viazi, au saa kumi.

Mchaichai wa ndimu

Majani 6 au 7 ya mchaichai yaliyooshwa na kufungwa fundo, maji vikombe 4, ndimu 1.

Majani yachemke polepole kwa dakika saba au nane hadi maji yageuke rangi ya majani makavu. Yateremshwe na kuachwa yapoe kidogo ndipo ndimu ikamuliwe, kwa sababu vitamini ya ndimu hupungua kwa moto mwingi. Yanaweza kunywewa ya moto au ya baridi. Siku za jua kali za Januari na Februari ya baridi hupendeza zaidi, na mtoto akipenda huongezewa maji ya chungwa badala ya sukari.

Kwa mwenye kumjazia chupa ya chai askari anayekwenda lindo la usiku, ya rangi ndiyo inayofaa kuliko ya maziwa, maana maziwa yakikaa vuguvugu kwa saa nyingi huharibika. Majani yachujwe kabla ya chai kumiminwa ndani ya chupa. Yakiachwa humo, ifikapo usiku wa manane kitakachomiminika ni uchungu mtupu. Tangawizi isitiwe kwa wingi, na ndimu iende kando, ikiwa imefungwa katika karatasi, ili aikate mwenyewe wakati wa kunywa.